Jicho Lako la Kushoto

Mafubira, Jumamosi, saa tisa mchana

Nambozo mwanangu,

Wewe na mamako mmekwenda Namatala kumuaga kukhu wako, na najua bibi yako huyo hatawaacha mtoke kabla hajawalisha mara mbili. Kwa hiyo nyumba ni yangu mpaka jioni. Nimefunga mlango, nimezima redio, nimeketi kwenye meza uliyofanyia hesabu tangu uko darasa la tatu. Ukirudi utaikuta barua hii juu ya mto wako. Isome leo kabla hujalala. Usiniambie kwamba utaisoma kwenye ndege.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotulea sote watatu humu ndani. Mimi Mgisu nilikiokota kwenye laini za magereza, zile kota za askari, mamako mtu wa soko la Jinja alikirithi kwa baba yake pamoja na duka la vitambaa, na wewe ukakichanganya na kila unachokijua. Majirani walikuwa wakisema nyumba yetu inanukia kambi. Na nakuandikia badala ya kukwambia kwa sababu mdomo wangu ulifanya kazi ya kuamuru kwa miaka ishirini na sita. Nikisema jambo hili ana kwa ana litatoka kama amri, wewe utajibu "Ndiyo, afande" kwa ule utani wako, halafu utafanya unavyotaka.

Sitasema habari za koti, wala chakula, wala mtu gani wa kuandamana naye. Mamako ameshakujazia karatasi mbili, na amefunga malewa makavu ya kulisha kaunti nzima ya Uingereza. Waingereza wa uwanja wa ndege watayaonaje hayo machipukizi ya mianzi sijui, hiyo ni vita yake.

Mimi nina jambo moja tu. Naogopa. Neno hilo sijawahi kulitamka mbele yako, hata ule mwaka ulipolazwa kwa malaria ukawa hunijui. Leo naliandika kwa wino.

Unajua sisi Wagisu tunavyolelewa. Siku yangu ya imbalu nilisimama uani kwa baba yangu, ukoo mzima umekusanyika, na wajomba hawakuwa wanatazama kisu. Walikuwa wanatazama macho yangu. Mtu akipepesa tu wakati anatahiriwa, aibu hiyo itamfuata mpaka azeeke. Sikupepesa. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na niliondoka pale nikiamini nimemaliza masomo yote ya dunia: uchungu ukija, kaza uso, watu wasijue. Baadaye nikapata binti, na kwa kuwa binti hasimami imbalu, nikamfundisha somo hilo hilo uwanjani. Ulipoanguka na goti likachubuka nilikuwa nasema, "Nani amekuona unalia? Hakuna. Basi hukulia." Wewe ulikuwa mwanafunzi mzuri mno.

Mimi nilipoingia magereza hapa Jinja nilikuwa na miguu tu. Kriketi nilifundishwa na Sajini Meja Okello, yule mzee mrefu wa kaskazini uliyemkuta akiwa amestaafu, aliyekupa gongo lako la kwanza. Aliniona nikicheza winga kwenye timu ya mpira wa miguu ya magereza, akaniita. "Weye Mafabi," akasema, "weye iko na miguu ya mpira na mikono ya kriketi. Iko Mzungu moja ya zamani alikuwa kama weye." Ndipo akanisimulia kwa mara ya kwanza habari za yule Mwingereza wake. Alikuwa amezisoma kwenye kitabu kilichosahauliwa na mkubwa mmoja wa zamani: mtu wa siku za mwanzo kabisa, wakati kaunti zao ndiyo kwanza zinaunda timu, ambaye kiangazi alichezea kaunti yake kriketi, na baridi ikiingia akavua nguo nyeupe akacheza mpira wa miguu. Okello alimsimulia kama mtu wa ukoo wake.

Wewe nawe ulimpenda Mzungu huyo kuliko hadithi za sungura. Ulikuwa na miaka minane ulipouliza swali ambalo mimi sikuwahi kuuliza: "Halafu alienda wapi?" Okello akakuna kichwa. Kitabu kilisema alicheza michezo michache ya kaunti, haikufika hata kumi, kisha jina lake halionekani tena. Mimi nikadakia kwamba alichoka. Ulipopata simu ukamtafuta, ukaniletea ulichokipata. Mistari miwili. Alizaliwa, alicheza, alikufa. "Baba, aliishi karibu miaka arobaini baada ya mchezo wa mwisho," ukaniambia, "na hakuna hata neno moja." Ulishangaa, ukaenda zako kucheza. Mimi nilibaki na ile simu mkononi, kwa sababu ndani ya hiyo miaka isiyo na neno ndimo ninamoishi.

Na sasa wewe ndiye unayekwenda kwenye kaunti ile ile. Kriketi kiangazi, mpira wa miguu baridi ikiingia. Ulipopata barua ya klabu ulilia, mamako akapiga vigelegele mpaka bodaboda wa barabarani wakasimama kuuliza nani ameolewa. Mimi nilifurahi, tafadhali liamini hilo. Nilifurahi wiki nne nzima, mpaka Jumatano hii.

Kwanza nikupe ukweli wangu, ndipo utakapoelewa kwa nini nimeona ambacho mamako hakukiona.

Jicho langu la kulia halikuharibiwa na mpira wa kriketi. Ile hadithi unayowasimulia rafiki zako, kwamba nilipigwa na mpira wa timu ya jeshi nikafunga kitambaa nikaendelea kupiga mpaka tukashinda, niliitunga mwenyewe. Niliitunga polepole, mwaka huu kipande, mwaka ule kipande, mpaka nikaanza kuiona kama ilitokea.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa Mbale, tunacheza mpira wa miguu na polisi. Niliruka kupiga kichwa, beki akaniingiza kiwiko jichoni. Nilivimba, uvimbe ukaisha ndani ya wiki, nikajicheka. Kisha nikaanza kuona vijidudu vyeusi vikielea pembeni, nikawa nafukuza nzi ambao hawapo. Jioni nilikuwa naona kama mtu anapiga picha upande wa kulia, mwanga unawaka unazimika. Sikumwambia mtu. Wiki tatu mbele kulikuwa na uteuzi wa timu ya kriketi ya kanda nzima ya mashariki, na Okello alikuwa ameshapeleka majina mawili kutoka magereza, langu na la Opio.

Opio humjui vizuri. Unamjua kama mzee mwenye mguu mbovu ambaye hunisalimia kwa kifupi msibani. Alikuwa mwenzangu wa chumba kwenye kota. Alikuwa anapiga mpira vizuri kuliko mimi, na alikuwa anajua hilo bila kuniumiza nalo. Yeye na mimi ndio tuliofungua mchezo kila siku, mmoja huku, mwingine kule, tunaitana kwa miluzi na kupishana mbio katikati.

Kabla ya uteuzi tulipimwa macho pale zahanati ya magereza. Hadithi hiyo unaijua. Nimeisimulia mezani mara ngapi? Jinsi bango la herufi lilivyokuwa limetundikwa ukuta ule ule miaka yote, jinsi nilivyopita nikijifanya naleta fomu, nikalikariri kuanzia juu mpaka chini, halafu siku ya kupimwa nikaziba jicho la kushoto nikamsomea yule mganga mistari yote bila kutazama hata mmoja. "Huyu iko na macho ya mwewe," akasema. Na wewe na mamako mlicheka mpaka machozi. Nilikuwa nakwambia kwamba ilikuwa utani wa vijana. Sikukwambia kwamba kwenye jicho la kulia tayari pazia jeusi lilikuwa limeanza kushuka.

Siku ya mchezo wa uteuzi, hapa Jinja, mimi na Opio tulifungua. Alipiga mpira mzuri, akanipigia mluzi wa kukimbia. Nikakimbia. Alikuwa anakuja upande wangu wa kulia, kwenye mstari wake, mahali pake kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeacha njia. Sikumwona mpaka tulipogongana. Nilisikia goti lake. Sitaki kukuelezea sauti yake.

Akiwa amelala chini aliniuliza, "Mafabi, weye hapana ona mimi?" Na watu wote wamekuja, Okello amekuja, waamuzi wamekuja. Mmoja akasema, "Opio amekata njia." Mwingine akaitikia. Wote walinitazama mimi, wananingoja. Nilikaza uso. Sikupepesa.

Sikusema "ndiyo, amekata." Kwa miaka mingi nilijitetea na hilo, kwamba sikusema uongo. Nilinyamaza tu. Kunyamaza kwangu kukaandikwa kwenye ripoti ya mchezo, na Opio hakucheza tena kriketi wala mpira wa miguu. Mimi nilichaguliwa. Nilicheza kanda mechi mbili. Ya pili nilitolewa na mpira wa kwanza ambao sikuuona unatoka mkononi mwa mrushaji. Nilipokwenda hospitali Kampala hatimaye, daktari alinishika bega akaniambia kwamba ningekuja katika wiki zile za mwanzo angeweza kuliokoa jicho. Wiki zile nilikuwa nakariri herufi.

Basi, Nambozo. Wiki tatu zilizopita ulicheza mpira wa miguu Mbale na ukagongwa kichwani na yule beki wao. Ulinitumia picha ya uvimbe na vikaragosi vya kucheka. Uvimbe umeisha. Lakini Jumatatu ulinimiminia chai pembeni mwa kikombe, ukasema umechoka. Jumanne nilikuja mazoezini nikasimama nyuma ya miti usinione. Wewe mlinda wiketi, mdakaji wa nyuma ya vijiti, ambaye hujapitwa na mpira tangu sekondari, uliachia mipira minne, yote upande wa kushoto, na kila mara uligeuza kichwa kwanza kama kuku. Kocha akadhani unawaza safari. Jumatano asubuhi ukiwa umekaa barazani nilikuona unafukuza nzi. Nilitazama, nikatazama tena. Hakukuwa na nzi, mwanangu.

Na jioni ya siku hiyo hiyo nilikuwa nyuma ya mlango wa uani na dumu la maji. Wewe ulikuwa unaosha vyombo. Nikasikia unanong'ona herufi, moja moja, kwa mpangilio, unakosea, unarudia mwanzo. Simu yako ilikuwa umeiegemeza kwenye sufuria, na kwenye kioo chake kulikuwa na picha ya bango la kupimia macho. Niliweka dumu chini taratibu nikaenda kukaa kitandani. Nilimfundisha mtoto wangu hila hiyo mimi mwenyewe, mezani kwangu, kwa kicheko, na nikamficha sehemu ambayo ingemtisha.

Alhamisi nilisema nakwenda msibani Mbale. Sikwenda msibani. Nilikwenda kwa Opio.

Nilimkuta anakata majani ya mbuzi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kiwiko, bango, njia niliyoacha. Aliendelea kukata mpaka nikamaliza. Nilikuwa nimejitayarisha kupigwa, au kusamehewa, mojawapo. Akaweka panga chini.

"Miaka hii yote," akasema, "mimi nafikiri ni mimi. Mimi nalala, naona ule mstari, nasema Opio, kwa nini weye nakata njia? Mtoto yangu nataka cheza mpira, mimi nakataza. Nasema sisi hapana jua kuona watu."

Nikamwambia, "Opio, nisamehe."

"Sasa weye nataka mimi nasema nini?" akaniuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa hajui kweli. Kisha akaniomba niende, kwa sababu mkewe alikuwa karibu kurudi na hakutaka anikute. Nilirudi Jinja nikiwa nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili njia nzima. Hajapiga simu, na sidhani atapiga.

Jana Ijumaa nilikwenda kwa daktari wa macho hapa mjini. Sikutaja jina lako. Nilieleza tu: kijana, amegongwa kichwani, anaona nzi, anakosa vitu upande mmoja. Aliacha kuandika. "Mlete leo, mzee," akasema. "Jambo hilo halingoji. Leo hii." Nikatoka mbio. Nilikukuta jikoni wewe na mamako mnajaribisha ile sweta nyekundu, mnacheka, mamako anakuigiza unavyotetemeka kwa baridi ya Uingereza. Nikakaa. Nikala ugali. Nikawaza kwamba nitasema baada ya chakula, halafu baada ya taarifa ya habari, halafu mkalala. Asubuhi mmeondoka na teksi ya kwanza nikiwa nimesimama dirishani nimevaa viatu. Siku nzima ya jicho lako nimeipoteza kwa sababu niliogopa binti yangu mwenyewe atanichukia. Mtu aliyelinda wafungwa wa kila aina.

Naogopa vitu viwili na vinanivuta huku na huku. Naogopa daktari aseme usisafiri. Najua barua ile ina maana gani kwako, umeipigania tangu una miaka kumi na moja, kwa viatu vya kuazima, na najua klabu haimngojei mtu. Huenda mlango huo usifunguliwe tena. Sitakudanganya kwamba kuna mwingine. Na naogopa zaidi kwamba utapanda hiyo ndege, wakikupima macho utawasomea herufi zao vizuri, watakupa glavu, na utachuchumaa nyuma ya wiketi na ule mpira mgumu wa ngozi unakuja upande usiouona. Usiku nausikia ukikupiga. Au usikupige kabisa, pazia lishuke tu kimya kimya, kwenye chumba ambamo hakuna mtu anayejua unavyomimina chai. Au awe mwenzako ndiye atakayeumia, na wewe usimame hapo na uso mkavu niliokupa.

Ningeweza kumpigia kocha. Nimebonyeza namba yake mara mbili na kukata. Ningeweza kuficha pasipoti, na nakiri niliifungua ile droo. Lakini nikikuzuia kwa nguvu utakwenda mwaka mwingine na jicho lile lile na hila ile ile, na hutaniamini tena. Kitu kinachoonekana ndani ya jicho lako unakijua wewe peke yako. Hakuna afande anayeweza kukitoa humo.

Leo nimempigia daktari, amekubali kufungua kesho Jumapili, saa mbili kamili asubuhi, kwa ajili yako tu. Gari la kukupeleka Entebbe kwenye ndege linakuja saa saba mchana. Muda upo. Mamako hajui lolote, na sitamwambia mpaka uamue, ingawa akijua nimemficha ni mimi nitakayelala kwa mbuzi.

Na jambo hili nalisema kwa akili timamu. Daktari akisema ubaki, wewe huna la kumweleza mtu. Waambie wote ni mimi. Mwambie kocha, waandikie Waingereza, mwambie kukhu wako na soko zima la Jinja kwamba babako ni mzee mkorofi wa magereza, amekuwekea mguu mlangoni. Nitasimama mbele ya yeyote nikubali, hata watu wakinitemea mate. Nichukie kadiri unavyotaka, hata miaka mingi. Nitakuwa hapa hapa.

Kama nimekosea, kama umechoka tu na nzi walikuwepo nami nina jicho moja la kizee, nitakuomba radhi mbele ya mamako na nitakubebea masanduku yote mpaka Entebbe, na malewa nitayabeba kichwani. Namwomba Mungu niwe nimekosea. Sijawahi kuomba hivyo maishani.

Lakini kama pazia lipo, Nambozo, sema. Nimekaa na jicho langu lililokufa miaka mingi, na nimelizoea. La kwako siwezi kulizoea.

Niko kwenye kiti cha barazani, nakungoja.

Baba yako